Kofia Moja

Nilikuwa na miezi miwili tu kazini, kwenye chumba cha kompyuta cha hospitali moja, nilipofuta majalada ya wagonjwa wote kwa herufi zisizozidi sita.

Mfumo wetu ulikuwa umeandikwa kwa MUMPS, lugha iliyobuniwa mwaka 1966 na 1967 katika Hospitali Kuu ya Massachusetts, Boston. Mimi nilitoka kwenye lugha ambazo ukitaka data ikae, lazima ufungue faili, uandike, ufunge. MUMPS haina habari hiyo. Andika S X=5, X inakaa kwenye kumbukumbu ya mashine, ukitoka inapotea. Iweke kofia (^), S ^X=5, tayari iko kwenye diski: kesho utaikuta, na mwenzako kwenye skrini nyingine anaweza kuisoma sasa hivi. S ni SET (weka), K ni KILL (futa), W ni WRITE (onyesha kwenye skrini). Watu wa MUMPS ni wavivu wa kuandika neno zima. Hesabu nayo inatoka kushoto kwenda kulia bila kujali kuzidisha, hivyo 2+3*4 ni 20. Hilo liliniliza wiki nzima, lakini si kisa cha leo.

Asubuhi ile nilinakili wagonjwa wachache kutoka ^PAT, palipokaa majalada yote, hadi PAT isiyo na kofia, nichezee humo bila kugusa kitu. Nilipomaliza nikataka kufuta nakala yangu. Vidole vilishazoea kofia tangu asubuhi. Nikaandika K ^PAT, nikabonyeza Enter.

Ile alama ya > ya kusubiri amri ikarudi, kimya. Haikuuliza kama nina uhakika. Nikaandika W $D(^PAT), kuuliza kama kuna kitu humo. Kabla ya hapo jibu lilikuwa 10, yaani kuna matawi chini yake. Safari hii ikaandika 0.

Simu ya mapokezi ikaanza kulia. Sikuipokea.

Mzee aliyekuwa mkuu wa chumba alisimama nyuma yangu, akasoma skrini, akashusha pumzi. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alikwenda kabatini akatoa tepu ya nakala ya usiku uliopita. Mabadiliko ya tangu asubuhi yangeweza kurudishwa kutoka kwenye jarida la mfumo, linalorekodi kila badiliko, ila jarida lilikuwa limezimwa wiki hiyo kwa sababu diski ilijaa. Kwa hiyo wote waliosajiliwa tangu alfajiri walikuwa wamebaki kwenye kadi za karatasi tu.

Nilikaa mapokezi hadi usiku, nagonga kadi moja moja: jina, umri, namba ya jalada. Nikiwa kwenye bunda la mwisho Mzee akapita, koti mkononi.

"Mwanangu, kitu cha majaribio usikipe jina la kitu cha kweli."

"Nikiite nani, Mzee?"

"Kiite hata ZZ."

Mpaka leo zangu zote ni ZZ.