Kiganja cha Dagaa pale Kibirizi

Tarehe 13 Mei 2024, siku mbili kabla ya uvuvi kufungwa Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, nilikaa na baba mdogo kando ya vichanja vya dagaa pale Kibirizi, Kigoma, nikamwambia kwa moyo wangu wote kwamba serikali haina haki ya kumzuia kuvua. Nilikuwa nimemsoma Robert Nozick, mwanafalsafa wa Marekani, aliyeandika mwaka 1974 kwamba dola halali ni ile inayowalinda watu dhidi ya nguvu, wizi na ulaghai na kusimamia mikataba yao, na kwamba ikivuka hapo inavunja haki zao. Kipe, yaani chombo cha kuvulia dagaa usiku kwa taa, ni chake, taa ni zake, na vijana wanaovuta wavu wameukubali mgawo wao wenyewe. Basi nani amedhulumiwa?

Hakunijibu upesi. Alichota dagaa wa usiku ule, akawatandaza kiganjani, akawasogeza mmoja mmoja kwa kidole. Wengi hawakufika urefu wa njiti ya kiberiti.

“Hawa hawajataga hata mara moja, mwanangu. Nikiwaacha mimi, atawavua mwenzangu. Nikipumzisha kipe changu, Burundi na Kongo hawatapumzika. Huo mkataba wako niandikiane na nani?”

Sikuwa na jibu, na mpaka leo naona hapo ndipo hoja ile inapovuja. Hakuna aliyeiba wala aliyelaghai, kila wavu uliovutwa ulikuwa halali, na bado ziwa lilikuwa linaisha. John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza ambaye watetezi wa mawazo haya humtegemea sana, aliweka sharti kwamba anayechukua kilicho cha wote awaachie wengine cha kutosha na chenye ubora uleule. Nozick alililegeza: yatosha wengine wasiwe katika hali mbaya zaidi. Lakini mbaya kuliko ipi, na mtoto atakayeanza kuvua miaka ishirini ijayo anasemewa na nani? Kuligawa ziwa liwe mali ya watu binafsi hakusaidii, kwa kuwa dagaa hawajui mipaka ya nchi nne zinazolizunguka. Elinor Ostrom, aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kwamba watumiaji wenyewe wanaweza kutunga kanuni na kuzisimamia, jambo ninaloliamini. Ila hata kanuni hizo humbana asiyetaka kuzifuata.

Kufungwa kule kuliumiza watu, tena kuliwaumiza zaidi wasio na chombo. Mama aliyekuwa akigeuza dagaa karibu nasi hakuwa na akiba ya miezi mitatu. Hata hivyo, uhuru niliokuwa nikiutetea ulikuwa umemwachia tu kununua kwa bei iliyopangwa na mwenye kipe au kurudi nyumbani na beseni tupu, na mimi nilikuwa nikiita hayo makubaliano.

Usiku wa tarehe 15 nilisimama ufukweni. Kule ambako taa za vipe huwa zimejipanga mpaka mbali, sikuona hata moja. Baba mdogo alikuwa uani, akishona nyavu.