Ninavyopanga mwaka mzima wa mazoezi ya uklauni hapa Kisumu

Ushauri niliosikia mara nyingi kuliko wote katika kazi hii ni "jizoeze kila kitu kila siku." Anayesema hivyo hajawahi kuvaa wigi saa nane mchana pale Milimani, akiwa na sherehe mbili Jumamosi na nyingine Jumapili, halafu arudi nyumbani ati ajifunze kurusha mipira. Mwaka wa klauni hufuata kalenda ya shule. Likizo za Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka ni za kutafuta pesa. Kujifunza ni wakati watoto wako darasani, hasa Januari, wazazi wanapohangaika na karo na simu inanyamaza kabisa.

Mimi sichukui zaidi ya stadi moja mpya kwa muhula, basi. Muhula wa kwanza ni wa mikono, wa pili ni wa sauti, na wa tatu sijifunzi kipya, nalainisha vya zamani kwa sababu mahafali ya chekechea yanabisha hodi. Stadi mpya haigusi sherehe ya kulipwa kabla haijapita mbele ya watoto wa plotini ninapoishi, ambao hawana huruma na hawalipi.

Cha kujifunza nakitoa kwenye daftari. Baada ya kila sherehe naandika umri wa watoto, dakika walipoanza kuinuka, na kicheko kilitokea wapi. Wa miaka minne hadi sita hucheka klauni anapokosea, kofia ikianguka mara tatu wanagaagaa. Wa saba hadi kumi wanataka kukukamata ukidanganya, kwa hiyo hao ni wa kiinimacho. Chini ya miaka mitatu uso uliopakwa rangi huwatisha, basi mimi hujipaka mbele yao, kidogo kidogo, nikiwa nimepiga magoti. Daftari likionyesha wanainuka dakika ya ishirini kila mara, tatizo haliko kwenye mipira. Ni mpangilio wa onyesho.

Mipira ya mazoezi usiinunue. Toa mtama sokoni Kibuye, uanike vizuri juani la sivyo wadudu watautoboa, kisha uumimine ndani ya baluni ya kawaida kwa mrija uliokatwa kwenye shingo ya chupa ya soda. Pima gramu 120 hivi. Kata shingo ya baluni, vika ya pili juu yake huku tundu likiangalia upande mwingine, halafu ya tatu. Mpira huo ukianguka hauviringiki hadi chini ya kabati. Jizoeze ukisimama mbele ya kitanda, usiinameiname, na ukikabili ukuta, kwa sababu anayeanza hurusha mbele na kujikuta anaifuata mipira. Mpira wa pili hutoka mkononi wa kwanza ukiwa umefika kileleni, usawa wa macho. Mengine ni kurudia tu.

Sasa kikaragosi, yaani mwanasesere anayesemeshwa na klauni, na hapa ndipo ninapojivuna. Kumsemesha bila kuchezesha midomo hufundishwa kwa jedwali la Waingereza: meno yakaribiane, midomo iachane kidogo, kisha kila herufi inayogusa midomo ipewe mbadala. B inakuwa D, P inakuwa T, M inakuwa N. Kwa Kiingereza sawa. Kwa Kiswahili nililipeleka jedwali hilo kwa watoto wa plotini, kikaragosi akatangaza "Dada anekuja!" akimaanisha baba. Watoto wakauliza dada gani. Akasema "mimi," ikatoka "nini," wakamjibu "nini nini?" Lugha yetu imejaa M: mama, mtoto, mpira, mwalimu. Huwezi kuikwepa.

Dawa nimeipata humu humu kwetu. M iwe ng' ya ng'ombe, si N: "ng'ang'a" ikitamkwa haraka sikio hupokea "mama", hasa ukiwa wewe umeshalitaja neno hilo sekunde moja kabla. F iwe th ya thelathini, V iwe dh ya dhahabu, sauti ambazo tayari tunazo. Na neno lisilofichika mwachie klauni. Kikaragosi anasema "ndiye huyo!", wewe unauliza "Baba?", anajibu "Ee, ndiye!" Hata jina nilichagua kwa hesabu. Wangu anaitwa Achieng', jina lisilogusa midomo popote. Wafula ni jina zuri, ila W na F zitakuaibisha kila ukimwita. Na kwenye sherehe za Waluo, Achieng' anasalimia "Idhi nade?" bila mdomo kutikisika, kisha watoto wenyewe wanaitikia "Adhi maber!" M na B wanazibeba wao. Kioo hakitoshi kwa mazoezi haya, kwa sababu ukijitazama unajihurumia. Jirekodi kwa simu, kisha tazama sauti ikiwa imezimwa.

Baluni ndefu za kukunja ni za kuzoea polepole, na joto letu ndilo mwalimu mkali. Hewa ikipata joto hutanuka, kwa hiyo ukiijaza baluni hadi mwisho kivulini, juani inapasuka. Acha mkia wa sentimita kumi kwa mbwa wa kawaida, zaidi kwa mnyama mwenye miguu mingi, na toa hewa kidogo kabla ya kufunga fundo. Rangi nyeusi na buluu nzito hupasuka kwanza juani. Nyasi zilizokatwa karibuni pia ni adui. Vipande vyote viokotwe, kwa sababu mtoto mdogo akikimeza kimoja kinaweza kumziba pumzi.

Rangi ya uso nayo huyeyuka kwa jasho. Tia poda ya watoto ndani ya soksi safi, funga, kisha jigongegonge nayo usoni juu ya rangi ya mafuta, subiri dakika chache, pangusa kwa brashi laini. Hapo utamaliza sherehe mbili nyusi zikiwa mahali pake. Rangi za shule za kuchorea usimpake mtoto yeyote usoni, hata mama yake akikuambia "si ni rangi tu."

Novemba ikiingia nafunga vitabu vyote vya kujifunza. Nabadilisha raba ya pua, namfua Achieng', na nanunua pampu ya pili ya baluni, kwa sababu ya kwanza hufa Desemba, na hufa mtoto wa tano akiwa bado kwenye foleni.