Siku moja Muheza: kuifungia mashine ya mbao rimoti ya kujitengenezea

Saa 11 na nusu alfajiri. Begi lilishafungwa tangu jana usiku, kwa hiyo ni kunawa, kuswali na kuita bodaboda. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Tanga mjini. Siku nyingi nashinda chini ya dashibodi za watu nikitafuta waya ulioungua, ila leo naenda Muheza kwenye mashine ya kupasulia mbao ya mjomba. Begini mna mota ya waipa niliyoichukua mtumba Ngamiani, rilei za gari za miguu mitano (swichi zinazovutwa kwa umeme), risiva ya redio ya volti 12 na rimoti yake ya vitufe vinne, swichi ndogo za kugongwa, fyuzi, waya wa rangi tofauti na mita. Risiva na rimoti ni zile zile wanazofungia mageti, za megahezi 433. Bei yake haimtishi mtu.

Saa 12 na nusu niko stendi ya Kange, gari linajaa taratibu kama kawaida yake. Sina la kusimulia njiani, nililala hadi Muheza.

Saa 2 kasoro. Chai ya rangi, maandazi na mbaazi za nazi kwa mama mmoja karibu na reli. Reli hii ilifika Muheza mwaka 1896 ikitokea Tanga, na wazee wa hapa ukiwagusa kidogo tu kuhusu treni hutoki mapema. Nimekula nimeondoka.

Saa 2 na robo, shambani. "Shikamoo mjomba." "Marahaba. Umekuja nacho hicho kidude?" Ndiyo salamu yote, mengine ni kazi.

Watu wakisikia mashine ya mbao ya kuhamishika wanafikiria dingdong, ile ya msumeno wa duara. Ya mjomba ni ya mkanda. Bledi ni utepe wa chuma wenye meno, unazunguka kwenye magurudumu mawili. Gogo linalala limebanwa, na kichwa chenye injini na bledi ndicho kinachotembea juu ya reli. Mkanda unakula kama milimita 2 kwenye kila mpasuo, wakati msumeno wa duara hula zaidi ya mara mbili ya hapo, na kwa msaji kila milimita ni hela. Injini ni Honda GX390 ya petroli, nguvu farasi 13, ya kuwashia kwa ufunguo. Kichwa chenyewe mpaka jana kilikuwa kinasukumwa kwa mikono.

Hapo ndipo shida ilipo. Majirani wanadhani mjomba anataka rimoti ili akae kwenye kiti anywe kahawa. Waende wakasukume wao siku moja. Anayesukuma anasimama hatua moja kutoka kwenye injini, mlio umemziba masikio, vumbi la msaji linamwasha mpaka shingoni, na anachokiona ni mgongo wa mashine tu, gogo halioni. Bledi ikikatika, na zinakatika, yeye ndiye mtu wa karibu kuliko wote. Kwa rimoti anasimama pembeni, mbali na mstari wa bledi, na anaona jinsi meno yanavyoingia kwenye mti.

Saa 3. Naanza na mota ya waipa. Kuna jambo moja ambalo wengi wanaojaribu kazi hii hukwama nalo: mota nyingi za waipa hasi yake inapitia kwenye bodi ya mota, yaani gamba lake la chuma. Kwenye gari haina neno, kwa sababu waipa haihitaji mota izunguke kinyume. Sisi tunataka kwenda mbele na kurudi, yaani kugeuza chanya na hasi, na bodi ikiwa imeshikana na fremu ya mashine, siku ya kugeuza ni shoti na fyuzi kwaheri. Nimefungua kifuniko. Ndani kuna brashi tatu za kaboni: mbili za mwendo, wa taratibu na wa kasi, na moja ya hasi, ambayo kamba yake ya shaba imeshikwa kwenye kipande cha bati la bodi. Nimeikata pale, nikalehemu waya wake peke yake, nikaivisha soksi ya plastiki na kuutoa nje kupitia tundu nililolitoboa. Brashi ya kasi nimeiacha bila waya, hatuihitaji. Nimepima kwa mita kati ya waya na bodi: kimya. Sasa mota inageuzika.

Fundi wa kuchomelea alishaacha kila kitu tayari: kikalio cha mota, sproketi ndogo na kubwa za pikipiki za kupunguza mwendo, na mnyororo ulionyooshwa kando ya reli kutoka mwanzo hadi mwisho. Mota inapanda na kichwa, inajivuta kwenye mnyororo.

Saa 4 na nusu, rilei. Risiva ina rilei zake ndogo, lakini siziamini kubeba mzigo wa mota, kwa hiyo zinaamrisha rilei za gari tu. Rilei ya gari namba zake zimeandikwa tumboni: 85 na 86 ni koili, 30 ni katikati, 87 ni upande inakoshika ikivuta, 87a ni upande inakokaa ikiwa imelala. Waya mmoja wa mota umekwenda kwenye 30 ya rilei ya kwanza, wa pili kwenye 30 ya rilei nyingine. 87 zote mbili zinapata chanya kupitia fyuzi, 87a zote mbili zinakwenda hasi. Kitufe A kinavutisha rilei ya kwanza, kichwa kinaenda mbele. B kinavutisha ya pili, kinarudi. Mtu akibonyeza vyote viwili kwa kihoro, ncha zote za mota zinakuwa kwenye chanya na hakuna kinachosogea. Akiachia, zote zinarudi hasi na mota inajifunga breki yenyewe. Kwa rilei mbili za bei ya soda kadhaa, sijui unataka nini zaidi.

Swichi za kugongwa zimekaa ncha za reli, na kila moja inakata koili ya rilei ya upande wake tu. Kichwa kikigonga mwisho wa mbele, mbele panakufa lakini nyuma panabaki hai.

Risiva hizi zina namna zaidi ya moja ya kufanya kazi. Ipo ya kubonyeza mara moja ikashika mpaka ubonyeze tena, na ipo ya kushikilia, ukiachia imekata. Kwenye mashine ya kukata siifungi ile ya kwanza hata nikiongezewa hela. Rimoti ikianguka, betri yake ikifa, mtu akitoka nje ya masafa, kichwa kinasimama.

Saa 6. Kuzima injini. Mjomba alikuwa ameshavipangia vitufe vilivyobaki: C kichwa kipande, D kishuke. D nikakichukua mimi. "Mjomba, kabla ya kupanda na kushuka, izimike kwanza." Akanyamaza, kunyamaza kwake kule ambako si kukubali.

Injini hii inazimika ule waya wa koili ya plagi ukipelekwa kwenye bodi. Ni bodi tu, volti 12 zisiuguse kabisa, koili itakufa. Nimefunga rilei inayojishika yenyewe: unabonyeza kitufe cha kijani kwenye mashine, inavuta na kubaki imevuta, na ikiwa imevuta injini iko huru kuwaka. D kikibonyezwa rilei inaachia, na ikiachia inapeleka waya wa koili kwenye bodi. Umeme wa betri ukikatika, au waya ukichomoka kwa mtikisiko, matokeo ni yale yale, injini inazima, na haiwaki mpaka mtu aende mwenyewe akabonyeze kijani. Kitufe kikubwa chekundu kimebaki kwenye mashine vile vile, maana redio ni redio. Na injini ikizima magurudumu yanaendelea kuzunguka kwa muda kwa uzito wake, kwa hiyo kifuniko hakifunguliwi mpaka bledi isimame kabisa. Hilo nimemrudia dogo anayesaidia mpaka akaanza kucheka.

Saa 7, wali na samaki. Swala. Machungwa ya shambani, bure.

Saa 8. Injini ikiwa imezimwa, rimoti inashika kutoka mwisho wa uwanja. Tumewasha injini, haishiki mpaka ukaribie hatua chache. Dogo akasema rimoti feki. Rimoti si feki, ni plagi. Kila cheche ya plagi ni redio ndogo inayopiga kelele, na risiva nilikuwa nimeipachika kwa muda jirani na injini ili nijaribu waya. Nimechomoa plagi nikaisoma: BP6ES. Injini hii inataka BPR6ES, na hiyo R ndiyo yenye ukinzani ndani unaopunguza kelele za cheche. Aliyebadilisha mwanzo alichukua iliyokuwepo dukani. Bodaboda ametumwa mjini, amerudi nayo. Risiva nimeihamishia kwenye nguzo ya upande wa pili wa kichwa, ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana ili vumbi lisiingie, na antena yake nimeikata upya: waya wa sentimita 17, robo ya wimbi la megahezi 433, umesimama wima mbali na chuma. Sasa inashika kutoka kwenye mwembe, injini ikiunguruma.

Saa 9 na nusu, gogo la kwanza. Ni msaji wa shamba la jirani, wa kupunguza miti, mnene kiasi cha kukumbatika. Huku msaji haushangazi mtu, Longuza, shamba la misaji la wakala wa misitu TFS, liko wilaya hii hii. Kabla halijapanda mjomba amelisugua matope yote kwa brashi ya waya, maana msaji wenyewe una chembe za silika zinazobutua meno, ukiongeza mchanga bledi haimalizi siku. Dogo amefungulia maji ya sabuni yadondoke kwenye bledi. Mjomba akashika rimoti kwa mikono miwili, akasogea pembeni, akabonyeza A.

Kichwa kikaondoka. Taratibu, sawasawa, kuliko mkono wowote. Kwenye kifundo mlio wa injini ukashuka, mjomba akaachia, akasubiri injini ipate pumzi, akabonyeza tena kidogo kidogo. Hakuna aliyemfundisha. Banzi la kwanza likaanguka, chini yake mti una rangi ya asali mbichi, hauna mawimbi hata ukipitisha kiganja.

Saa 10 na nusu alikuja mteja anataka mbao usiku huu huu, bila hati ya kusafirishia. Mjomba akamwonyesha njia aliyojia.

Saa 11 jioni. Magogo yaliyopangwa yamekwisha, na mjomba ana hoja yake, na safari hii ni hoja ya kweli. B inarudisha kichwa vizuri, lakini kikirudi bledi ikiwa bado usawa wa mpasuo inaweza kunasa kwenye mbao ikavutwa ikatoka kwenye magurudumu. Kwa hiyo kila mara dogo lazima aitoe mbao kwanza, au aende kuzungusha mpini wa kuinulia. "Kushuka nitashusha mwenyewe, kwa jicho na rula," akasema. "C nipe ya kupandia tu."

Kushuka kwa rimoti nisingekubali, unene wa mbao hauchezewi kwa mbali. Kupanda hakuna ubaya. Nimepima skrubu ya kuinulia, nimeandika nafasi ya kukalisha mota ya pili na swichi ya kikomo cha juu, nikamtajia bei. Amesema nusu atalipa kwa mbao, za kitanda.

"Cha sita kwa sita, mjomba?"

"Cha nne kwa sita. Cha sita kwa sita ni ukifunga na ya kushukia."