Lushoto hadi Mtae kwa miguu: siku zetu milimani zilivyokwenda

Wengi wetu wa Tanga mjini tunaijua milima ya Usambara kwa dirisha la basi. Unapita Korogwe, unafika Mombo, unainua macho kuutazama ule ukuta wa kijani, halafu basi linaendelea zake kwenda Moshi. Mimi nimezaliwa Ngamiani, nimekula kabichi na viazi vya Lushoto tangu utotoni, lakini njia za miguu zinazopita katikati ya mashamba yale nilikuwa sijazikanyaga. Nilipotangaza nyumbani kwamba mimi na binamu yangu tutatembea kutoka Lushoto hadi Mtae na mabegi mgongoni, hakuna aliyeniuliza habari za chui wala nyoka. Mama aliuliza mtakula nini, shangazi akauliza mtalala wapi, na dada yangu akaninong'oneza: choo je? Ndiyo maswali yenyewe hayo, na ndiyo yanayowazuia wengi, hasa sisi wanawake. Nitayajibu kwa jinsi tulivyoishi.

Kwanza ujue kwamba Usambara ni milima ya watu. Ukitoa misitu ya hifadhi kama Magamba na Shagayu, karibu kila mteremko umelimwa, na njia unayopita ina wenyewe: mama anayeshusha kuni, mtoto anayewahi shule, kijana aliyejitwika gunia la karoti. Msafiri wa huko anapita uani kwa watu kutwa nzima. Nilikwenda na vifaa vizuri, na nashukuru nilikuwa navyo, lakini naamini kabisa kwamba kilichotufikisha Mtae salama ni salamu na adabu ya kupiga hodi.

Mazoezi nilifanyia hukuhuku. Tanga ni tambarare, kwa hiyo nilijaza begi chupa za maji nikawa natembea mchangani Raskazone jioni, na siku nyingine napanda na kushuka ngazi za jengo la ghorofa hadi mapaja yawake moto. Viatu nilivipata kwenye mitumba, vya ngozi, vinavyoshika kifundo cha mguu, nikavivaa wiki nyingi kabla ya safari ili vinizoee. Begi nilihakikisha halizidi moja ya tano ya uzito wangu. Ndani: hema dogo la watu wawili tuligawana (binamu turubai, mimi nguzo na vigingi), begi la kulalia, sweta zito, koti la mvua, sufuria moja, jiko dogo la gesi, tochi ya kichwani, vidonge vya klorini vya kusafishia maji, ORS ya kurudisha maji mwilini mtu akiharisha, plasta, na mafuta ya mgando.

Na doti ya kanga. Hapa naomba nikae kidogo, maana orodha za vifaa nilizosoma hazikuitaja. Kanga moja ilikuwa taulo, ikawa shuka juu ya begi la kulalia, ikawa pazia tulipooga nyuma ya banda la ng'ombe, ikawa mkeka wa kusalia. Nyingine niliikunja mara nne nikaiweka begani chini ya mkanda wa begi, bega likaacha kuuma. Inakauka upesi kuliko taulo, na haina uzito wa kutaja. Kuna jingine pia: mwanamke akijifunga kanga juu ya suruali anapoingia kijijini, wazee wanamtazama kwa jicho jingine. Sikuona shida kufanya hivyo, nilikuwa ugenini.

Baridi ya kule usiipuuze. Lushoto ipo mita 1,400 hivi juu ya bahari, na msitu wa Magamba unapita mita 2,000. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi kama 6. Maana yake, usiku wa Julai ambao Tanga ni nyuzi 20, huko juu unakaribia 8, na ukungu juu yake. Tuliichagua Julai kwa sababu masika ya Machi hadi Mei yameisha na vuli bado, kwa hiyo njia hazina utelezi sana. Nililala na soksi, sweta na mtandio kichwani, na chupa ya maji ya moto miguuni. Hiyo chupa fanya, usiache. Na asubuhi maji yake unayatumia kutawadhia.

Lushoto tulimchukua kijana wa kutuongoza, mwenyeji, anayezungumza Kisambaa. Tulilipia pia kibali cha kuingia Magamba. Najua wapo wanaoona mwongozaji ni gharama ya wageni kutoka Ulaya. Mimi nasema Mswahili naye anamhitaji, kwa sababu vijia ni vingi mno, vinagawanyika kila baada ya nyumba tatu, na ramani ya simu haijui kwamba daraja la magogo lilisombwa na mvua.

Siku yetu ilianza na adhana. Vijiji vingi tulivyopita vina misikiti, na alfajiri unasikia sauti ikitoka bonde la chini, nyingine inajibu ng'ambo. Tukishasali, binamu anawasha jiko, mimi nakung'uta umande kwenye turubai. Chai ya tangawizi, uji wa karanga, saa moja tupo njiani. Mwendo wetu ulikuwa wa kuweza kuzungumza. Pumzi ikianza kukukata maneno, punguza. Kila baada ya saa moja hivi tunatua mabegi, tunakunywa maji, tunaondoka kabla misuli haijapoa. Sala za mchana tulikusanya na kupunguza, adhuhuri na alasiri rakaa mbilimbili, kama dini ilivyomruhusu msafiri. Saa kumi tulitaka tuwe tumeshafika tunapolala, kwa sababu jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu na ukungu mara nyingi unalitangulia.

Magamba ndiyo sehemu pekee ambapo hukutani na mtu kwa muda mrefu. Miti ya mikulo imesimama mirefu, magome yake yamevaa kuvumwani, na chini giza la kijani hata saa tano. Tuliwasikia mbega kabla ya kuwaona: mngurumo mzito, mara matawi yanayumba, mara mikia yenye ncha nyeupe inapita juu yetu. Tulisimama hapo muda mrefu kuliko ratiba ilivyoruhusu, na ningerudia. Usiku mmoja mwongozaji alitumulikia vinyonga waliolala ncha za vitawi, wamepauka kabisa kwenye mwanga wa tochi, ni rahisi kuwaona kuliko mchana.

Ukitoka msituni tu, maswali yanaanza.

"Dada, mnauza nini?" Hilo tuliulizwa kila kijiji. Mtu mweusi mwenye mzigo mgongoni ni mchuuzi, ama anahama.

Bibi mmoja njiani kuelekea Lukozi, jembe begani, alitusimamisha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Mnakwenda msibani?"

"Hapana bibi, tunatembea tu mpaka Mtae. Tunataka kuiona milima."

"Na basi lipo?"

"Lipo bibi. Lakini kwenye basi tusingekuona."

Alicheka, akakata muwa kando ya shamba lake, akatugawia vipande, na hakuondoka mpaka amehakikisha tumevitafuna. Kisha akamweleza mwongozaji kwa Kisambaa njia fupi ya kukwepa tope, ikatuokolea saa nzima. Nilijifunza kusema "onga maundo" asubuhi. Ni maneno mawili tu, ila kwa mtu wa pwani anayejitahidi kuyatamka, milango ilifunguka.

Chakula hatukubeba cha siku zote. Lukozi ni soko la mboga, malori yanapakia kabichi, karoti na hoho kwenda Dar es Salaam na kwetu Tanga, kwa hiyo kwa senti chache unajaza sufuria. Tulibeba mchele kidogo, unga wa uji, karanga, tende na chumvi. Vilivyobaki tulinunua kwa wakulima: viazi, mayai, ndizi, matunda damu, peasi. Mchana hatukupika. Viazi na mayai tunachemsha asubuhi, tunavifunga kwenye mfuko, tunavila na chumvi na pilipili. Maharage achana nayo, labda ukute mama ntilie ameshayapika. Kwenye mita 2,000 maji huchemka kwa nyuzi 93 hivi badala ya 100, na maharage makavu yatakumalizia gesi yote bila kuiva.

Maji ndiyo jambo nililolisimamia kwa ukali. Milima ina vijito kila kona na yanaonekana masafi, lakini tazama juu yake kuna nini. Mashamba ya mboga hupigwa dawa za wadudu, na dawa hizo haziondoki kwa kuchemsha wala kwa klorini. Klorini na moto huua vijidudu tu. Kwa hiyo tulichota kwenye chemchemi zilizo juu ya mashamba, au msituni, au kwenye bomba la kijiji baada ya kuuliza, ndipo tukatia kidonge na kusubiri nusu saa. Kila mmoja alibeba lita mbili asubuhi, na tulijaza tena palipokuwa na chanzo kizuri hata kama chupa hazijaisha.

Choo. Vijijini unapiga hodi na kuomba, hakuna aliyetunyima hata mara moja. Msituni unachimba shimo la kina cha shubiri, mbali na njia na mbali na maji, hatua themanini au zaidi, unafukia vizuri. Kwa dada zangu: siku za hedhi zisikuzuie. Beba mfuko mweusi wa kufunga na zipu, weka kila kilichotumika humo, na uutoe nao msituni. Nilibeba pia chupa ndogo ya maji ya kujisafishia peke yake, isichanganyike na ya kunywa.

Kulala kulikuwa kwa namna mbili. Penye kijiji tulikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji kwanza, kabla ya kutua mizigo. Tunajitambulisha, tunaeleza tumetoka wapi na tunakwenda wapi, tunaomba mahali pa kusimamisha hema. Mara nyingi alituonyesha uwanja karibu na nyumba yake, na watoto wake wakawa walinzi wetu bila kutumwa. Rangwi tulipokelewa na masista wa Kikatoliki, ambao nyumba yao inajulikana kwa wasafiri wa njia hii. Walitupa chumba, maji ya moto ya kuoga na chakula cha jioni, na nilipouliza pa kusalia sista alinifungulia chumba tulivu, akanionyesha jua linapozamia ili nipate kibla. Nimelelewa mtaa ambao Waislamu na Wakristo wanakula sahani moja, kwa hiyo halikuwa jambo geni, lakini ugenini lina utamu wake. Godoro baada ya kulala chini nalo usiseme.

Miguu inataka kazi yake ya kila siku kama sala. Asubuhi mafuta ya mgando kati ya vidole na kwenye kisigino. Soksi za sufu, maana za pamba zikilowa hubaki zimelowa na ngozi inachubuka. Nikihisi tu sehemu inapata joto, nasimama hapohapo, hata kama wenzangu wamenipita, navua kiatu nabandika plasta. Lengelenge likishajaa maji umechelewa. Jioni naosha, nakausha kwa kanga, navaa ndala.

Kushuka kunachosha kuliko kupanda, watu hawaambiwi. Kupanda kunakula pumzi, na pumzi inarudi ukipumzika. Kushuka kunakula magoti. Mwongozaji alinikatia fimbo, nikawa naitanguliza chini kabla ya mguu, hatua fupifupi, goti limelegea kidogo. Pale wanawake wa Kisambaa walitupita na vichane vya ndizi kichwani, wamevaa yeboyebo, wanapiga soga. Niliwatazama wanavyoweka unyayo mzima chini, si kisigino, nikawaiga, na maumivu yalipungua siku hiyohiyo.

Mtae imekaa juu ya mgongo mwembamba wa mlima, nyumba zimepangana, na pande zote mbili ardhi inaporomoka. Kaskazini unaona tambarare za Mkomazi hadi zinapopotelea upande wa Kenya; magharibi ni milima ya Upare. Asubuhi isiyo na mawingu Kilimanjaro huonekana. Sisi tuliiona kwa muda mfupi, kilele tu, wingu likaja. Binamu alipiga picha, mimi nilikuwa nalia, na sioni haya kusema hivyo. Tulikuwa tumeifikia kwa miguu yetu, na kwa muwa, viazi na vitanda vya watu ambao hatukuwa na udugu nao wowote.

Ukitaka kwenda, pesa weka zaidi kwa mwongozaji na kwa kununua vyakula vijijini kuliko kwa vifaa vya bei kubwa. Hema la kuazima linatosha. Usitoe pipi kwa watoto njiani, wazazi wao hawapendi, ila ukiwa na kalamu mpelekee mwalimu shuleni. Na basi la kurudi Lushoto linatoka Mtae alfajiri mno, kwa hiyo lala Mtae, umwambie kondakta usiku huohuo akuwekee nafasi, na sweta usiliweke chini ya begi, kwa sababu hadi Magamba dirisha la basi lile halifungi.