Koki iliyovuja nyuma ya jiko la shule

Februari 2013 yalitoka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka uliotangulia, na zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima walikuwa wamepata daraja sifuri, yaani wamefeli. Nilikuwa na mwaka wa pili kazini, nafundisha hisabati na fizikia katika shule moja ya kata huku Temeke, Dar es Salaam. Hofu ilituingia walimu. Tukachukua mitihani ya miaka ya nyuma, tukawapa watoto maswali, tukawapa na majibu. Mimi nilifanya hivyo kwa bidii kuliko wengi, na kidato cha pili changu, watoto themanini na kitu, wakawa hodari wa kunakili.

Kilichoniumiza ni kwamba kila nilipoandika swali ubaoni, kabla halijafika mwisho, sauti ilitoka: "Mwalimu, tunatumia fomula ipi?"

Basi siku moja ya mwezi wa tano niliwatoa nje. Nyuma ya jiko palikuwa na tenki la lita 5,000 juu ya mnara wa matofali, na chini yake koki iliyokwisha raba, ikivuja usiku na mchana. Nikawauliza: koki hii inapoteza maji kiasi gani kwa siku? Nikanyamaza.

Walinitazama, wakatazamana. Nilipoona wanahangaika kutafuta maneno ya Kiingereza, nikawaambia wajadiliane kwa Kiswahili, kuandika tutaandika baadaye. Mtoto amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, anafika sekondari lugha inabadilika; nguvu za kutafuta jibu zinaishia kwenye kutafuta neno. Mpaka leo naamini hapo ndipo tunawapoteza wengi.

Kelele zikaanza, kelele nzuri. Mmoja alitaka tuhesabu matone. Mwenzake akambishia: matone hayalingani. Binti mmoja akamwaga maji yake ya kunywa, akaikinga chupa ya nusu lita. Ilijaa kwa sekunde 250. Siku ina sekunde 86,400. Wakagawanya, wakazidisha, wakapata lita 172.8. Karibu madumu tisa! Watoto ambao nyumbani wananunua maji kwa dumu walishika vichwa. Nikaona somo limekwisha.

"Mwalimu, hiyo namba si kweli."

Alikuwa kijana wa dawati la nyuma, ambaye alama zake hazikuwahi kuvuka ishirini. Darasa likaangua kicheko. Nami, nakiri, nilikuwa nimeshafungua mdomo ili nimnyamazishe. Nikamkumbuka Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba kule Lushoto, ambaye mwaka 1963 aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa kwenye friza ukiwa wa moto unaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipouliza alichekwa. Hakuacha kuuliza, na mwaka 1969 akachapisha makala pamoja na Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia hapa Dar es Salaam. Wanasayansi wanabishana juu ya jambo lile hadi leo. Nikafunga mdomo, nikamwambia kijana aendelee.

"Shikamoo Mwalimu, mimi jioni namsaidia mjomba mkokoteni wa maji, Tandika. Tenki likiwa limejaa, dumu linajaa chapuchapu. Likikaribia kuisha, unasubiri mpaka miguu inauma. Sasa hapa tumepima asubuhi, tenki limejaa. Mchana je?"

Hakuna aliyecheka tena. Maji yetu yalikuwa ya mgao, tenki lilijazwa usiku na kutumika kutwa. Kesho yake tukapanga zamu na saa ya simu yangu. Saa mbili asubuhi, sekunde 250. Saa sita, 270. Saa tisa, 305.

Kwa nini? Wengi walisema maji mengi yana nguvu ya kusukuma. Yule binti wa chupa akauliza: ni wingi wake, au ni kimo chake? Sikumjibu. Wakatafuta ndoo pana iliyopasuka mdomo na chupa nyembamba, wakatoboa vyote kwa msumari mmoja, wakatia maji kimo kimoja juu ya tundu. Michirizi ikaruka mbali sawasawa, ingawa ndoo ilibeba maji mara nyingi zaidi. Ni kimo! Walipiga kelele hadi walimu wa madarasa mengine wakachungulia madirishani. Kanuni hiyo, ya mgandamizo (pressure) wa maji, nilikuwa nimeshawaandikia ubaoni mwezi wa tatu, na walikuwa wameinakili vizuri sana.

Kijana wetu alichora grafu ukutani kwa chaki, koki inatoa maji kiasi gani kwa kila kimo cha tenki. Mstari ukapinda. Akasimama kuutazama muda mrefu, akasema angetaka vipimo vingine vya tenki likiwa karibu tupu, aone unapindia wapi.

Alhamisi mkuu wa shule akaja na fundi mwenye raba mpya mkononi. Watoto wakamzunguka, shikamoo zikamwagika, wakamwomba aiache koki mpaka kesho mchana. Akanitazama. Nikamwonyesha ukuta. Aliusoma mstari ule kuanzia mwanzo, akauliza nani kauchora, kisha akamwambia fundi arudi Jumamosi, nao waweke ndoo chini ya koki, maji yale yamwagilie miche.