Sakafu Inayomwaga Maji

Jumapili, saa nne usiku. Grenda bado inalia masikioni. Leo nimekata vyuma vyote vya mshazari vya nyuma ya fremu ya gari ninalojijengea, vinane kwa idadi, kazi iliyonimalizia wikendi za miezi miwili. Vipande vimeegemea ukutani kama kuni. Nimekaa juu ya ndoo ya rangi naandika kabla ya kwenda kuoga, maana nikioga nitalala, na nikilala kesho nitaisimulia siku hii tofauti na ilivyokuwa.

Ninachojenga ni gari la spoti la viti viwili, lisilo na paa wala milango. Umbo nimelifuata la Lotus Seven, gari la Colin Chapman lililotoka Uingereza mwaka 1957. Sikulichagua kwa ajili ya jina. Nililichagua kwa sababu mbavu zake ni mabati ya alumini yaliyonyooka, ambayo fundi bati yeyote anaweza kuyakunja, na mifupa yake ni bomba za kuunganisha kwa moto. Chapman mwenyewe mwaka 1948 aliunda gari lake la kwanza kutoka kwenye Austin 7 kuukuu, ndani ya gereji ya nyumbani kwa wazazi wa mchumba wake, London. Seven nayo iliuzwa sana ikiwa vipande, kwa kuwa gari zima lilitozwa kodi ya mauzo na vipande havikutozwa. Watu wakafunga wenyewe nyumbani. Mwaka 1973 haki za gari hilo zikaenda kwa Caterham, na mpaka leo linaundwa. Nikiwa peke yangu usiku, taa moja juu ya kichwa, huwa nawafikiria wale waliokuwa wanafungua makasha yao miaka ya sitini, wakitafuta boliti gani inaingia wapi.

Injini yangu ni 5K ya Toyota, ujazo wa cc 1,486, imetoka kwenye Liteace iliyogongwa ubavuni. Ni injini ya chuma kizito, haina makuu, lakini imelala kwa urefu na inazungusha magurudumu ya nyuma, na difu yake, zile gia za ekseli ya nyuma, nimeichukua pamoja nayo. Spea zake zinapatikana kila kona. Bomba nilinunua Gerezani: inchi moja kwa inchi moja, unene milimita 1.6, futi 20 kila moja. Zilikuja nyumbani kwa guta, zikichezacheza nyuma kama ufito wa kuvulia samaki. Dar hii chuma kitupu hakilali salama. Msimu wa masika nilizifuta kwa oili kila jioni, na asubuhi bado nikakuta wekundu kwenye pembe.

Kuchomelea nilijifunza kwa kuharibu. Bomba nyembamba hivi, ukishika rodi nene unatoboa. Nikahamia rodi za milimita 2, ampea hamsini hivi, nikawa napiga pointi fupi, naacha chuma kipoe, nahamia upande wa pili, kwa sababu mchomo ukipoa unajikunja na kuvuta bomba kuelekea kwake. Mama watoto aliniambia siku moja, kwa upole kabisa, kwamba luku ya wiki nzima imekwisha kwa siku mbili. Nikaweka daftari la luku yangu pembeni.

Nilijiamini kwa sababu nilikuwa napima. Kila nilipounganisha mstatili mmoja, nilivuta futi kamba kona hadi kona, halafu kona nyingine hadi nyingine. Namba mbili zikilingana, mstatili umekaa mraba. Zililingana zote. Tofauti kubwa kuliko zote ilikuwa milimita moja. Nilizichora kwa chaki kwenye bomba lenyewe, nikawa nazisoma kila ninapoingia.

Jumamosi ya wiki iliyopita mzee wa nyumba ya tatu akaja kuazima toroli. Ni fundi uashi, wa siku nyingi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hili ndilo lile gari?"

Akasimama mlangoni, akafumba jicho moja, akachuchumaa. Alikaa hivyo muda mrefu hadi nikaacha nilichokuwa nafanya. Akaniuliza, "Mwanangu, umelipimia levo?" Nikamwonyesha zile chaki. Akazisoma, akatikisa kichwa taratibu, akarudi kwake. Toroli hakuchukua. Alirudi na mpira wa maji.

Aliyejenga nyumba anaujua mpira huo. Ni ule wa plastiki unaoonyesha ndani, unajazwa maji, ncha moja inashikwa huku na nyingine kule, na maji yanasimama usawa mmoja hata kama kati yake kuna ukuta. Mzee aliutembeza mikononi kwanza, akisukuma mapovu moja moja mpaka yakaisha. Nikashika ncha yangu kwenye kona ya mbele kulia. Yeye akazunguka kona moja baada ya nyingine. Kila alipofika alitulia, akangoja maji yaache kupanda na kushuka, ndipo akaweka kucha ya kidole gumba pale yaliposimama na kuniambia niandike. Mbele kushoto, sawasawa. Nyuma kulia, milimita mbili. Nyuma kushoto, kumi na moja chini.

Fremu ilikuwa imejipinda kama trei iliyokanyagwa kona moja. Futi kamba isingeniambia. Ukipinda trei kidogo hivyo, umbali wa kona kwa kona haubadiliki kiasi cha kuonekana.

"Sakafu hii niliimwaga mimi," mzee akasema. "Uliniambia unataka ukiosha gari maji yasisimame."

Ni kweli, nilimwambia. Naikumbuka siku yenyewe, saruji ikiwa mbichi, mimi nimesimama hapo mlangoni naonyesha kwa mkono: yaende kwenye lile tundu, kona ile. Akailaza vizuri, mita moja tu ya mwisho, na tangu hapo halijasimama tone. Mimi nikaja kujenga fremu juu ya sakafu hiyohiyo. Bomba zikiwa bado zina pointi tu zilikuwa laini, nikazikandamiza kwa matofali ili zisiinuke, na kona ya nyuma kushoto ikashuka kufuata tundu. Kisha nikaweka mishazari.

Hapo ndipo penye uchungu. Mstatili mtupu unayumba, kila seremala wa kenchi anajua. Ukiweka ubao wa mshazari, unapata pembetatu mbili na hakuna kinachosogea tena. Ndiyo nguvu yote ya gari la namna hii, linalofika nusu tani tu. Lakini pembetatu inashika umbo inalolikuta. Nilipoifunga ile mishazari minane, niliufunga na ule mpindo ndani yake.

Wiki nzima nilijadiliana na nafsi yangu. Ningeweza kuinua vishikio vya springi upande ule na hakuna ambaye angejua. Ila gari lenye fremu iliyopinda linakaa kama stuli ya miguu minne yenye mmoja mfupi: magurudumu mawili ya kona kwa kona yanabeba uzito, mawili yanagusa tu. Linakata kona vizuri kulia na vibaya kushoto. Ukikanyaga breki kwa nguvu, tairi jepesi linajifunga kwanza. Na binti yangu, mwenye miaka kumi na mmoja, ameshajichagulia kiti. Ameketi pale mara nyingi juu ya mto wa kochi, miguu imenyooka mbele, akiuliza lini. Kiti chenyewe ni cha kushoto.

Kwa hiyo leo grenda. Vyuma saba vilikatika kimyakimya. Cha nane, kile cha chini karibu na mahali pa difu, diski ilipokimaliza mkato ukafunguka wenyewe, milimita tatu au nne, ukatoa mlio mmoja mfupi kama kufuli likiachia. Nikazima mashine. Nikaweka kiganja juu ya bomba, bado la moto. Muda wote huo chuma kilikuwa kinavuta na mimi sikujua.

Mchana tukatengeneza meza. Mbao mbili za marine bodi za milimita 18 juu ya fremu ya mbao nne kwa mbili, miguu sita, na chini ya kila mguu vipande vya bati vya kuongeza na kupunguza. Mzee hakuweza kuja, ana msiba Kibaha, lakini mpira aliuacha. Binti yangu akashika ncha moja. Nikamfundisha kutoa mapovu, naye akawa mkali kuliko mimi, akinirudisha kila nilipotaka kuandika haraka.

Tulipandisha na kushusha bati hadi magharibi. Fremu sasa iko juu ya meza, nyuma yake haina mshazari hata mmoja, ukiigusa inatikisika. Kona tatu zimekubaliana. Ya nne, nyuma kushoto, nilipiga magoti nikaweka ncha yangu na kumtazama yeye upande wa pili, amefumba jicho moja kama mzee.

"Bado, baba," akasema. "Subiri yatulie."