Bushi nyembamba na meno matatu ya mashine

Mafundi wenzangu wa Mbeya, hii ni ya wale wa mashine za kukerezea. Mteja wa Mbozi kaleta bushi (vibomba vifupi vya kuvalia shafti) za mashine ya kumenyea kahawa, anataka zikatwe ncha zote zilingane urefu. Shaba njano, ukuta mwembamba. Ukilegeza meno matatu ya mashine yanayoishika, inazunguka yenyewe na kuchubuka. Ukikaza, inabonyea. Na inadanganya kweli: ukichonga tundu ikiwa imebanwa unaliona duara safi, ukifungua tu shaba inarudi na tundu linabaki la pembepembe.

Ninachofanya: nachukua kipande cha chuma, nakitoboa kwa kipenyo kilekile cha nje cha bushi, halafu nakipasua upande mmoja kwa msumeno. Bushi inavaa hilo koti, meno yanabana koti, koti linaibana bushi kuizunguka yote. Kwa nyuma naweka kizuizi, kila bushi inagota palepale. Urefu hautegemei tena jicho langu, ambalo jioni huwa halina adabu.

Wanaojaza upya maganda ya risasi huko Marekani wana shida hiyohiyo. Ganda la .308 (aina ya risasi ya bunduki) halitakiwi kuzidi milimita 51.18, na shaba yake hurefuka kadiri linavyotumika. Wao wakilipunguza urefu hulikamata takoni kwenye unene, pini ikiingia mdomoni lisiyumbe. (Kazi hiyo hapa Mwanjelwa hatufanyi, msinitumie meseji.)

Mwenye vipande vya shafti chakavu vya kutengenezea makoti aniambie bei.